Pale Reli ya Baba Ilipoanza Kupanda

Wiki iliyopita nilirudi Mbugangari, mtaa wetu wa Rwanda ulio mpakani na Goma, kumsaidia mama kuhama. Nyumba imepata mnunuzi, na chumba cha nyuma tulikiacha mwisho, kwa sababu humo ndimo ilimokuwa reli ya baba.

Usicheke, rafiki yangu. Najua Rwanda haina reli. Lakini baba alizaliwa Tabora, akatengeneza njia ya reli huko mpaka tuliporudi nyumbani, na mtu hawezi kuisahau kazi yake eti kwa sababu amevuka mpaka. Alijenga reli ndogo juu ya mbao nyembamba, ikaanzia mlangoni ikazunguka kuta na kupanda hadi dirishani. Injini ilikuwa ya betri, ya kuchezea watoto, aliyoinunua Goma. Mabehewa matatu aliyachonga mwenyewe. Jumamosi nilimenya viazi vya Bugeshi pale kizingitini huku yeye akipiga randa, na jirani yetu akikaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, uani kwake hadi nyumba nzima ikanukia.

Kazi ngumu ilikuwa pale tambarare inapokutana na mlima. Baba alisema reli haipendi kushtuliwa: ikipanda ghafla, injini inainua pua na ndoano za mabehewa zinaachana. Basi alipigilia ubao upande wa tambarare, akainua ncha ya pili, na katikati, kiasi cha urefu wa mkono, hakutia msumari hata mmoja. Ubao ulijipinda wenyewe, taratibu. Macho yalikuwa yameanza kumpotea, kwa hiyo aliukagua kwa kiganja. Akihisi kigongo kidogo tu, anaanza upya. Haraka haraka haina baraka, alisema, na miezi ikapita.

Hatimaye aliwaalika majirani waje Jumapili baada ya kanisa. Jumamosi jioni nilifagia chumba, nikaona ubao unaelea katikati. Nyumbani kwetu misumari iliyolegea ilikuwa kazi yangu: viti, banda la kuku, vyote. Nikadhani macho yamemdanganya baba. Nikachukua nyundo na msumari, nikaupigilia ubao ukalala barabara, nikaenda kula nikijiona fundi.

Kesho yake chumba kilijaa. "Bon, muzee," jirani wa sambaza alisema, "leo tutaona kama hii gari iko na nguvu."

Injini ilifika pale, ikainua pua. Mabehewa yaliachana, yakarudi nyuma, yakaanguka sakafuni. Watu walicheka, tena bila ubaya. Baba aliyaokota kwa kupapasa, akasema macho yake yamekwisha kazi. Garimoshi lile hakuliwasha tena.

Nilinyamaza. Nilikuwa na miaka kumi, na niliona aibu. Halafu nikazoea kunyamaza, nikaenda shule ya bweni, nikaolewa Kigali, na baba akafariki akiwa haoni kabisa.

Majuto ni mjukuu. Tulipokuwa tukibandua zile mbao nilimweleza mama yote, nikilia. Yeye aliendelea kukunja mashuka.

"Baba yako aliugusa msumari ule jioni ileile ya Jumapili," alisema. "Nikamwambia aung'oe. Akasema hapana, mtoto atakuja kusema mwenyewe, tutaung'oa pamoja."

Nilimuuliza alingoja mpaka lini. Mama alisema kila nilipokuja likizo, baba alikuwa akimwomba ampeleke akakae chumba cha nyuma.

Nakumbuka nilivyokuwa nikimkuta mle, amekaa peke yake. Nilikuwa nikimsalimu, namwekea chai karibu na mkono, kisha natoka.