Paka wa Mtihani

Mkwe wangu aliniomba nimwazime paka aende naye kwenye mtihani wa kazi.

Msicheke kwanza. Mimi nilicheka, nikajuta.

Ilikuwa Jumamosi mchana, niko jikoni nachambua maharage. Akaingia, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama, Hakimu yuko wapi?"

Hakimu ndiye paka wangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu akikutazama unahisi una kesi.

"Yuko juu ya friji. Kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Namhitaji Jumatatu, kwa mtihani."

Nikaweka ungo chini. "Mtihani gani huo wa paka?"

Mkwe wangu ni msimamizi wa tanuri kwenye kiwanda cha biskuti. Alianza kwa kubeba magunia ya unga, akapanda mdogo mdogo, na mgongo wake ndio ulilipia kila ngazi. Sasa bosi kasema wasimamizi wote wafanye mtihani wa dharura ya moto. Atakayeanguka anarudi kwenye magunia.

Na mgongo ule, magunia ulishayakataa.

Akatoa kijitabu mfukoni. "Soma mwenyewe, Mama."

Nikavaa miwani. Mimi nasoma kwa kidole, neno baada ya neno, lakini nafika. Nikamaliza ukurasa. King'ora, swichi, mtungi wa kuzimia moto.

"Mbona paka simwoni?"

"Unasoma maneno, Mama. Tazama picha."

Weee! Paka huyo hapo, kando ya swichi kuu. Nikageuza ukurasa: paka kando ya mtungi. Nikageuza tena: paka kwenye mlango wa dharura, mkia juu, kama anasema twendeni.

"Sasa maneno yanasemaje kuhusu yeye?"

Akainamisha kichwa. "Ndiyo hayo nayatafuta tangu juzi."

Hapo nikamtazama vizuri. Alikuwa anafunika maneno kwa kiganja, anaikagua picha kona hadi kona. Kisha anafunua neno moja. Anarudi kwenye picha kuhakikisha. Neno jingine. Picha tena.

Kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Na huyo paka ni jiwe ambalo hajui limeshikwa na nini.

"Mwanangu, maneno yanakusumbua?"

Akakaa kitako kwenye kigoda.

"Hayatulii, Mama. Nikiyashika huku, yanakimbilia kule. Tangu shule. Walimu walinichapa wakidhani yatatulia. Picha ndiyo hunishika mkono."

Moyo uliniuma, jamani. Miaka yote nilikuwa namwona akimpa binti yangu barua amsomee kwa sauti, huku yeye anamkanda miguu. Nikadhani ni mapenzi tu. Kumbe yalikuwa mapenzi na ujanja pamoja.

"Wenzako wanasemaje kuhusu paka?"

"Nimuulize nani? Ili wajue sijaelewa?"

Nikafikiri. Nani amlipe mchoraji achore paka kila ukurasa halafu paka asiwe na kazi? Tena kiwanda cha unga hakikosi panya. Panya hutafuna nyaya. Nyaya zikitafunwa huleta moto.

Nikaona paka ana hoja.

"Tutampeleka," nikasema. "Lakini Hakimu habebwi na mtu ila mimi."

Jumatatu asubuhi tukafika getini. Mimi na kanga yangu safi, Hakimu ndani ya kapu, ananuna.

"Shikamoo, mama," mlinzi akasema. "Kapuni kuna nini?"

"Marahaba. Paka. Wa mtihani."

Nilitarajia anifukuze. Akashusha pumzi.

"Afadhali. Mwenzake yuko ndani, analia peke yake."

Mwenzake?

Tukatazamana, mimi na mkwe wangu.

Chumba cha mikutano kilijaa wasimamizi na kalamu zao. Walipoliona kapu, wakapasuka.

"Huyo naye anaomba zamu ya usiku?"

"Mpeni kofia, nywele zake zitaingia kwenye biskuti!"

Mkwe wangu akavuta kiti, akanikalisha mimi kwanza. Yeye akasimama ukutani, masikio yanamwaka.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia bosi.

Wafanyakazi humwita Radi, kwa ile sauti. Mkono mmoja kashika karatasi za mtihani. Mkono wa pili kambeba paka wa rangi ya chungwa, kafungwa utepe shingoni.

Kicheko kilikatika kama maji ya bomba.

Radi akaangaza chumba kizima. Macho yakamwangukia Hakimu, uso ukalainika.

"Yaani mmoja tu ndiye aliyesoma kitabu? Nyie wengine, paka wenu wako wapi?"



"Wangu... anaumwa, bosi," mmoja akasema.

"Wangu yuko njiani," akadakia mwingine.

Afisa usalama, kijana wa tai aliyeandaa kile kijitabu, akasimama taratibu.

"Samahani, bosi. Paka ni pambo tu. Nilimweka ili kitabu kisichoshe. Maneno hayamtaji mahali popote. Ukisoma tu..."

Alishafika pabaya, na alijua.

Radi akabaki kasimama na paka wake. Nikayaona macho yake. Yalikuwa macho yale yale ya jikoni kwangu, ya mtu anayetafuta pa kukanyaga.

Mkwe wangu naye aliyaona. Akajitoa ukutani. Angeweza kukaa kimya, maana wakati ule hakuna aliyekuwa anamtazama yeye.

"Bosi, mimi maneno hayanitulii," akasema mbele ya wote. "Naanza na picha, ndipo naingia kwenye maneno. Picha ikiwa na paka, namtafuta paka. Nikimkosa, nakwama. Kama ni kurudi kwenye magunia, nitarudi. Lakini mtu asiseme ni uvivu."



Hakimu akaona huo ndio wakati wake. Akachomoka kapuni, akaruka mezani, akanusana na yule wa utepe, wakazabana makofi. Radi akaruka nyuma, karatasi zikamwagika sakafuni.

Watu wakainama kuziokota.

"Ziacheni," akasema Radi, na radi yenyewe haikuwamo tena kwenye sauti. "Katibu wangu ndiye hunisomea kila barua. Huwa namwambia macho yangu mabovu. Macho yangu ni mazima kabisa."

Akakaa. Akajifuta uso kwa utepe wa paka.

"Mtihani tunaufanyia kwenye tanuri. Kila mtu anionyeshe kwa mikono yake."

Mkwe wangu alizima swichi, akashika mtungi, akaonyesha mlango. Alisahau king'ora. Akarudishwa. Akarudia yote tangu mwanzo, na king'ora safari hii. Akapita.

Mchana, yule wa "yuko njiani" kweli aliletewa paka getini na mkewe. Mlinzi akamwambia nafasi zimejaa.

Tulipofika nyumbani tukamsimulia binti yangu. Alilia kidogo, kisha akasema hali hiyo ina jina, inaitwa disleksia, na wenye nayo ni wengi. Siku hizi yule kijana wa tai huja kwetu na kurasa mpya. Mkwe wangu humwekea kidole: picha hii iko mbali na maneno yake, isogeze. Hii haina kazi, itoe. Mimi huwapikia chai.

Wajukuu zangu, wa kuzaa na wa mtandaoni, nisikilizeni bibi yenu. Ukimwona mtu mzima kaganda kwenye picha wakati wewe umeshamaliza ukurasa, usimwambie "soma tu." Yuko kazini huyo. Muulize anatafuta nini, umsaidie kutafuta.