Ng'ambo Isiyoonekana

Baba alipokuja kunitembelea Maskati kutoka Tabora, jambo la kwanza alilotaka ni kuvua samaki baharini. Alikuwa amekuja na ndoano zake za kambare, zile za bwawa la Igombe, na kwa wiki nzima alimsumbua mke wangu kuhusu chakula cha safari. Mimi nilikodi mashua.

Asubuhi yenyewe alisimama ufukweni, akamuuliza nahodha, Mwarabu aliyekijua Kiswahili, "Ng'ambo iko wapi?"

Nahodha akacheka. Baba akasema haingii kwenye maji yasiyo na upande wa pili. Mashua ikizama, mtu ataogelea kuelekea wapi?

Nikamwambia aache utoto. Ndiyo, nilimwambia hivyo baba yangu mzazi, mbele ya mgeni. Nikavua viatu, nikapanda peke yangu kwa hasira.

Nilitapika njia nzima, na sikupata hata samaki mmoja. Niliporudi, jua lilikuwa linachoma, naye alikuwa ameketi palepale nilipomwacha, amepakata viatu vyangu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Sikuondoka hapa, ili ukigeuka uone pa kurudi."

Sikuwa nimegeuka hata mara moja.