Meli Inayozama Kilosa

Kinyozi wa jirani na stesheni ya Kilosa hajawahi kuiona bahari, lakini hanyoi bila kusimulia historia ya meli ya mvuke iliyozama na shehena ya dhahabu. Mkono wake mwepesi, sauti yake laini kama poda. Hadithi ikifika bahari inapochafuka, hukishika kichwa cha mteja na kukilaza kushoto, maana ndivyo meli ilivyolala, na mashine hupita papo hapo. Ndiyo sababu wanaume wengi wa Kilosa wana nywele zilizokwenda upande.

Leo mteja wake Ditram anakwenda Zombo kujitambulisha ukweni. "Shikamoo, mzee. Nakuomba, leo meli isizame."

"Marahaba." Kinyozi akanyoa kichwa kikiwa wima, meli ikafika bandarini, dhahabu ikashushwa salama, nywele zikanyooka kama rula.

"Imefika?" wateja waliosubiri kwenye benchi wakaguna. "Sasa hiyo nayo ni hadithi?"

Kinyozi akafuta kitana kilichokwisha takata. Ditram akainuka, akajitazama kiooni, akamtazama kinyozi, akaketi tena.

"Haya, mzee, izamishe. Lakini taratibu, wakwe wananisubiri."

Kinyozi akakishika kichwa kwa mikono miwili, na upepo ukaanza kuvuma.