Likizo Niliyoitwa Shemeji

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi ya likizo ya mwezi wa sita. Kila mtu awe na daftari, na kila matembezi yake ayaandike kwa sehemu mbili: kwanza Nilichoona, halafu Maoni yangu. Alituonya kwamba atakayezichanganya sehemu hizo atahesabiwa hajafanya kazi. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilifurahi, kwa sababu nilikuwa na maoni mengi na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Tuliishi Magomeni, pale Kilosa mjini, watu wawili katika nyumba ya vyumba vitatu: mimi na bibi yangu mzaa mama. Hapa nitamwita bibi ili tuelewane, lakini wakati ule nilimwita mama. Mama yangu mdogo, kabla hajaolewa na kuhama, alikuwa akimwita hivyo, nami nikaiga. Mama mdogo huyo huyo alimwita dada yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Mikumi, "dada", na hilo pia nikaliiga. Hakuna aliyenikosoa.

Nilipofika darasa la tatu shule ilitaka nakala za vyeti vya kuzaliwa, nikatumwa dukani kutoa kopi. Nikiwa njiani nilisoma cheti changu. Mahali pa jina la mama paliandikwa jina la dada.

Niliporudi nilimwonyesha bibi kwa kidole. Alikuwa anakanda unga wa maandazi, maana hiyo ndiyo biashara iliyotulisha. Aliutazama mkono wangu, karatasi hakuitazama. "Ndiyo hivyo," akasema. "Usiichafue. Hiyo ni ya serikali."

Hatukulizungumza tena. Niliendelea kumwita yeye mama, na yule wa Mikumi dada.

Wiki ya kwanza ya likizo ile marafiki zangu wawili walipelekwa Kidete kusaidia kuvuna mahindi kwa ndugu zao, nikabaki na daftari. Siku ya kwanza nilikwenda kutazama treni ya umeme. Nilichoona: ilipita mara moja, ndefu, nyeupe, vioo vyake vyeusi. Nilipunga mkono mpaka ikaisha. Maoni yangu: treni ya zamani ilikuwa na heshima zaidi, kwa sababu abiria wake walitoa vichwa nje, na ukiwapungia walikupungia.

Siku ya tatu nilikwenda mto Mkondoa. Nilichoona: wanawake wanne wanafua, mmoja anaimba, maji yanafika magotini. Maoni yangu: watu wa Kilosa wanauogopa huu mto wakati wa masika, kiangazi wanaudharau. Nadhani mto unajua.

Nilikaa pale hadi wanawake wakamaliza kufua. Mmoja wao aliniuliza, "Wewe mtoto, umetumwa au umepotea?" Nikasema sijatumwa wala sijapotea, natembea. Walicheka, wakajitwika mabeseni yao, wakaenda. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya siku ile.

Wiki ya pili dada alipiga simu akasema nikamsalimie, nikae naye siku kumi. Bibi alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Usiku ule nilipanga mambo mawili. Kwanza, nikifika Mikumi nitamwita mama, hata mara moja tu, nione ataitikaje. Pili, akiitika vizuri, nitamwomba nihamie shule ya huko nikae naye. Nilichukua kopi ya cheti changu nikaiweka chini kabisa ya begi, chini ya sare, kwa sababu nilishajua kwamba uhamisho hautaki maneno, unataka karatasi.

Watoto wa mtaani waliposikia naenda Mikumi waliniagiza simba. Sote tuliamini kwamba Mikumi ni mahali wanyama wanapoishi na watu wanapita katikati yao. Kumbe ukitoka Kilosa barabara inapita Zombo na Ulaya, na inakufikisha Mikumi mjini bila kugusa ile njia kuu inayokatiza hifadhini. Nilichoona, kwa saa zote za safari: vumbi, baiskeli zilizobeba magunia ya mahindi, na mbuzi. Nilichoona Mikumi: malori. Maoni yangu: watu wa Mikumi hawasalimiani sana, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anapita tu.

Dada alinipokea stendi. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mwanamume mrefu, mikono yake myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko, fundi wa malori. Dada alinishika bega akamwambia, "Huyu ndiye mdogo wangu."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, shemeji! Karibu Mikumi. Na daftari kabisa? Kumbe nimepata shemeji msomi, mimi nilikuwa nahangaika bure kusomewa meseji!"

Nilimtazama dada. Alikuwa anaangalia begi langu.

Ni haki kusema kwamba hakunifundisha kudanganya. Mimi mwenyewe nilimwita dada mbele ya yule fundi, siku ile na siku zilizofuata, kwa sababu ndilo jina nililokuwa nalo. Uongo ule ulikuwa umetengenezwa na watu wote wa nyumbani kwetu, kidogo kidogo, kwa miaka, na hakuna aliyekusudia.

Dada alikuwa mpishi katika hoteli ya kando ya barabara, palipokuwa panasimama mabasi na malori, na alipanga chumba kimoja nyuma ya maduka. Fundi alikuwa mchumba wake. Jioni alikuja kula, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na utani ukaanza.

"Shemeji, sema ukweli mbele ya Mungu. Dada yako alikuwa anapika chumvi hivi tangu zamani, au ananikomoa mimi?"

"Tangu zamani," nikasema.

"Andika! Andika kwenye daftari! Nilichoona: shemeji anateseka."

Dada alimrushia mwiko. Yeye akaudaka, akaulamba.

"Na mama mkwe je, ni mkali? Mavuno yakiisha naleta barua ya posa Kilosa. Atanipokea, au atanimwagia mafuta ya maandazi?"

"Mafuta ni ghali," nikamwambia. "Atakumwagia maji."

Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo. Kesho yake nilisikia amewasimulia mafundi wenzake wote, kwani nilipopita pale gereji waliniita kwa pamoja, "Shemeji! Shemeji wa maji!"

Nilimpenda, na hilo ndilo lililonitia taabu. Ndani ya siku tatu alikuwa amezungumza nami kuliko watu wote wa Kilosa kwa mwezi. Lakini utani wote ule ulisimama juu ya neno moja. Mwanamume humtania shemeji yake namna ile. Mtoto wa mkewe hamtanii hivyo, humlea. Na shemeji hata akipendwa vipi ni mgeni. Huja, hucheka, huondoka. Hahamishiwi shule. Kila aliponiita hivyo nilifurahi, na papo hapo nikajiona nasogezwa karibu na mlango.

Mchana, dada akiwa kazini, nilifanya mazoezi chumbani. Kwenye msumari palining'inia kanga yake. Niliiambia, "Mama." Halafu, "Mama, naomba nikuambie kitu." Sauti yangu ilisikika kama ya mtu anayesoma risala. Nikafunika sufuria, nikatoka kuhesabu malori.

Siku ya tano alitoa nguo zangu kwenye begi afue, akakuta ile karatasi. Alisimama nayo mlangoni, kwenye mwanga.

"Hii umeileta ya nini?"

"Ya shule."

"Shule gani? Si imefungwa?"

Aliikunja kwa mistari yake ile ile, taratibu, akairudisha begini. "Subiri kwanza," akasema. Hakueleza nisubiri nini, na mimi, mwenye kuuliza kila kitu, sikuuliza.

Kesho yake fundi alikuja asubuhi na pikapu ya bosi wake. Lori limeharibika Doma, ng'ambo ya hifadhi, na njia ya kwenda huko inapita katikati ya wanyama. "Shemeji hawezi kurudi Kilosa bila kuona hata swala," akasema. "Nitaonekana shemeji gani mimi?" Dada alikuwa na siku yake ya mapumziko. Tukakaa watatu mbele: yeye kwenye usukani, dada katikati, mimi dirishani na daftari langu mapajani.

Nilichoona: swala wengi, twiga watatu, nyani wameketi kando ya lami kama wanaosubiri basi. Niliandika kila kimoja na upande wa barabara kilikokuwa. Fundi alikuwa ananitajia majina ya wanyama na kuyakosea makusudi. Tulikuwa tunacheka wakati magari ya mbele yaliposimama. Tembo walikuwa wanavuka. Tulihesabu watatu wakapita. Kioo changu kilikuwa wazi, nami nilikuwa nimeinama naandika. Nilipoinua kichwa, wa nne alikuwa anatokea kwenye nyasi upande wangu, karibu sana, masikio ameyatanua.

"Mamaaa!" nikapiga kelele.

"Bee, mwanangu! Nipo, nipo hapa!"

Dada alikuwa tayari amenikumbatia kichwa, ameniziba macho kwa kiganja chake.

Kila mtu kwetu akishtuka humtaja mama yake, hata mzee ambaye mama yake alishakufa zamani. Fundi angeweza kulipuuza neno langu. Neno la dada ndilo lililokosa pa kujificha. Mdogo wako akipiga kelele kwa kumwogopa tembo, huitiki "bee, mwanangu".

Tembo alivuka. Magari ya mbele yaliondoka. Pikapu yetu ilichelewa kidogo, mpaka wa nyuma akapiga honi. Kutoka pale hadi Doma fundi hakutaja jina la mnyama hata mmoja. Alitengeneza lori lake, akanunua soda mbili, akampa dada zote na kusema, "Mpe mtoto." Nilisikia vizuri. Alisema mtoto.

Jioni walizungumza nje, kwenye ukuta wa chumba. Nilikuwa ndani nachambua mchele.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wiki nzima namtania. Mafundi wote wanamwita shemeji. Mtoto wako! Ningekwenda na barua Kilosa, mama yako angeniona mtu wa namna gani?"

"Ningekwambia."

"Lini?"

Baadaye niliisikia pikapu ikiwashwa. Dada aliingia, akaketi kwenye ile ndoo.

"Pale njiani," akasema, "uliogopa tu, au ulikuwa unaniita?"

Nilikuwa nimesubiri swali kama lile kwa miaka miwili, tangu siku ya kopi. Nilikuwa nimeshaliandalia majibu. Lakini nilimwona macho yake mekundu, na nilijua fundi amekwenda na hajala.

"Niliogopa," nikasema.

"Haya," akasema. "Mimi niliitika tu."

Fundi hakuja kula siku ile wala iliyofuata. Siku ya nane, kabla ya siku zangu kwisha, dada alinipeleka stendi. Kondakta aliuliza mtoto anayesafiri peke yake ni wa nani.

"Wangu," dada akasema.

"Mdogo wako?" kondakta akauliza, huku akipokea kuku wa mtu mwingine.

Dada alifungua mdomo, lakini kondakta alishageuka. Akaniinamia dirishani. "Ile karatasi nimebaki nayo," akasema. "Nitakuja kuongea na mama. Usimwambie chochote." Basi likaondoka. Nilipunga mkono, naye akanipungia hadi vumbi likamfunika.

Nilifika Magomeni jua likiwa bado lipo. Bibi alikuwa jikoni, anageuza maandazi.

"Umewahi kurudi. Dada yako hajambo?"

"Mama hajambo," nikasema.

Sikulipanga. Mazoezi yote ya chumbani yalitoka yenyewe, mahali pasipo pake.

Bibi alicheka. "Mama yupi tena, na mimi niko hapa?" Halafu akaacha kucheka. Alilitoa andazi moja, likafuata la pili. Lililobaki lilikuwa linaungua na hakuligusa.

"Basi mimi utaniita nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua atawekwa wapi. Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Katika mipango yangu yote nilikuwa nimehesabu neno lile kama langu, la kutoa ninapotaka. Sikujua kwamba ili nilipeleke Mikumi lazima nilitoe jikoni pale.

Shule ilipofunguliwa nilikabidhi daftari. Matembezi ya Mikumi yalikuwa na ukurasa mzima wa Nilichoona: idadi ya tembo, twiga, malori. Chini yake niliandika Maoni yangu na kuacha mistari mitupu. Mwalimu aliweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Hakuna aliyenihamisha muhula ule, na simu za dada zilikuwa fupi.

Asubuhi zile niliamka kabla bibi hajawasha jiko, nikasimama mlangoni pa jikoni kumwamkia. Zamani nilisema, "Shikamoo, mama." Sasa nilisema, "Shikamoo," nikaishia hapo.

"Marahaba," bibi alijibu. Lakini hakujibu mara moja. Alisubiri kidogo kwanza, mwiko juu ya mafuta, kana kwamba neno lililobaki lilikuwa bado njiani.