Nimefagia Uwanja wa Shule Nikiwa Nimekaa

Marafiki, leo nimefagia uwanja wote wa shule nikiwa nimekaa. Ndiyo, mimi, Mama Akinyi wa ufagio!

Kesho ni siku ya wazazi hapa Kombewa, na majani yamejaa kila mahali.

Shule imeletewa mashine ya kufagia. Inafungwa nyuma ya trekta ndogo, brashi zinazunguka na kurusha majani ndani ya kapu.

Dereva wetu, Bwana Odhiambo, akazunguka nayo mara mbili.

Majani yako pale pale. Kapu tupu!

"Hii irudishwe," akasema.

Sasa mimi nimefagia huo uwanja miaka kumi na moja. Najua ufagio usipogusa chini hauokoti kitu. Nikapiga magoti, nikachungulia. Brashi zilikuwa zinapita juu ya nyasi!

"Bwana, teremsha brashi."

Akacheka. "Mama, kwani wewe unajua mashine?"

Nikazishusha mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa anatuangalia. Akasema, "Basi Mama, panda wewe."

Wueh! Nikapanda, jamani.

Odhiambo akanionyesha breki, nikaondoka polepole. Kugeuka nyuma, naona nyasi safi kabisa! Kapu likajaa hadi likamwagika. Wapishi wakatoka jikoni wakinipigia vigelegele.

Baadaye Odhiambo akaja kando, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, zile brashi umeshusha aje?"

Nikamwonyesha vizuri, bila kucheka.

Kucheka nacheka sasa, hapa na nyinyi. Nani mwingine aliwahi kuulizwa, "Kwani wewe unajua?"