Jiwe la Golini kwa Kamongo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia mtu anasema golikipa kahongwa, inanirudia yote upya. Na wewe juzi umelisema neno hilo juu ya golikipa wenu, hapa hapa mtaani Kitaji, tena ukaliandika kwenye kundi la simu. Kaa basi, chai bado ya moto.

Sisi watoto wa kijiji cha Guta tulipenda magolikipa kuliko wafungaji. Mfungaji ni wa kila mtu. Golikipa ni wako, maana unasimama nyuma ya goli lake mechi nzima na anakusikia ukihema. Butiama alikuwepo mmoja aliyedaka na kofia ya sufu kichwani, jua liwake lisiwake. Musoma alikuwepo Fundi Shabani, mshona nguo, mfupi, lakini akiruka unadhani kavutwa na kamba. Wetu sisi alikuwa Kamongo, mkulima wa pamba. Jina alilipata kwa yule samaki anayejichimbia matopeni, kwa sababu hakuna mechi aliyotoka akiwa msafi. Ah, nilimpenda mtu yule! Hata baba yangu mzazi alijua, na wala hakuona wivu.

Viwanja vya kwetu vina mawe. Ukiyaokota leo, kesho mvua inafukua mengine. Kwa hiyo kila golikipa alikuwa na mtoto wake wa kumsafishia goli kabla ya kila kipindi. Unainama kutoka mti mmoja wa goli hadi wa pili, unaokota, unatupa nje. Kwa Kamongo mtoto huyo nilikuwa mimi, na nafasi hiyo niliipigania kwa ngumi.

Siku hiyo tulikwenda Musoma na lori la pamba. Wakati wa mapumziko, tulipobadilishana magoli, nilianza kuokota vizuri, mara nikamwona Fundi Shabani anamletea Kamongo kifurushi cha gazeti. Wakashikana mikono, wakacheka, Kamongo akakitia kwenye mfuko wake wa nguo. Nikabaki nimekodoa macho. Filimbi ilipigwa nusu ya goli sijaigusa.

Tulikuwa bila kwa bila hadi dakika za mwisho. Winga wao akapiga shuti dhaifu, mpira ukaja unaviringika, Kamongo akapiga goti audake. Ghafla ukaruka juu ya bega lake, ukaingia. Watu wa Musoma wakalipuka kwa shangwe. Na upande wetu, mwanangu, mdomo uliofunguka kwanza ni wangu.

"Kahongwa! Nimeona kwa macho yangu, kapewa kifurushi!"

Ulimi hauna mfupa. Watu wazima na akili zao walilichukua neno la mtoto wa miaka kumi na miwili, wakapekua mfuko wa Kamongo, wakakuta furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Mkewe alikuwa amejifungua wiki ile, na kwetu mwanamke aliyejifungua hupikiwa supu ya furu. Shabani alikuwa anatoa pongezi tu. Kamongo alieleza, lakini nani amsikilize? "Lisemwalo lipo," wakasema, wakamkataza kupanda lori. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alifunga mfuko wake, akaenda zake stendi kwa miguu.

Nami jiwe nilikuwa nimeshaliona. Lilikuwa pale pale mpira uliporukia, kwenye ile nusu ambayo sikuisafisha. Nikaliokota, nikalificha mfukoni, nikapanda lori, nikanyamaza.

Mechi mbili zilizofuata akadaka mtu mwingine. Kamongo alikuwa analima tu, hasalimiwi. Chakula kikanishinda. Mwishowe nikamwonyesha bibi yangu lile jiwe, nikamweleza yote huku nalia, nikamwomba anipeleke kwa Kamongo nimwombe radhi kimyakimya.

Bibi hakunibembeleza. "Kule Musoma ulikuwaga na sauti kubwa," akasema. "Leo imeenda wapi? Neno umelitupa uwanjani, sasa unataka kwenda kuliokota jikoni kwa mtu?"

Mechi iliyofuata alinishika mkono, akaniingiza katikati ya uwanja wa Guta, akamwambia refa asubiri. Nikainua jiwe. Nikasema mimi ndiye niliyeliacha, na mimi ndiye niliyepiga kelele. Kuna waliocheka, kuna walionizomea. Kapteni aliinamisha kichwa. Kamongo alikuwa pembeni, ametoka shambani na jembe begani. Akaja taratibu, akalichukua lile jiwe, akaligeuzageuza.

"Kumbe ni haka kajiwe?" akasema. "Na mimi nilikuwa najiulizaga, hii mikono imeoza?" Kisha akanipa jembe nimshikie, akavua shati. "Haya, kaokote. Na leo ufike mpaka mti wa pili."

Nikaokota mpaka nikaota ndevu.

Ningependa kuishia hapo, lakini sitakudanganya. Mwaka juzi tulimzika Kamongo. Kaburi likiwa bado wazi, nikamsikia mzee mmoja nyuma yangu anamnong'oneza mwenzake, "Si ndiye huyu aliyeuza mechi kwa furu?" Baada ya miaka yote hiyo! Nikageuka, nikamweleza upya, kuanzia lori mpaka jiwe. Nilimweleza kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Mjane wake, yule yule aliyepelekewa furu, akanishika bega.

"Asante, baba," akasema. "Kumbe bado unamwokoteaga mawe."

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla hujamwambia mtu kahongwa, kaangalie kwanza mahali ulipotakiwa kuokota wewe. Na ukishakosea, maji yakimwagika hayazoleki, lakini chukua kitambaa upanguse mbele ya wale wale waliokuona ukimwaga. Yule kijana wenu wa golini ana mama, na mama yake ana simu. Ichukue yako, uandike kwenye kundi lile lile. Nitakaa nawe mpaka umalize.

Mungu akupe mikono ya kudaka na ulimi usio na haraka. Na siku utakayofungwa goli la kizembe, maana itakuja, akuwekee japo mtu mmoja nyuma ya goli lako atakayesema kweli.