Mama Hesabu na Walinzi wa Ubongo

Vijana wa maabara walimwita Mama Hesabu, ingawa shuleni hesabu zilimpiga chenga mpaka mwalimu akamkatia tamaa. Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa kukaa mbele ya hadubini, kibonyezo kiganjani, na kuhesabu seli za kinga za ubongo kwenye vipande vyembamba mno vilivyolazwa juu ya vioo. Seli moja, bonyezo moja. Ukimsemesha katikati, anaanza upya, na siku hiyo nzima husikii salamu yake.

Alizipenda seli zile, wala hakuficha. Katika ubongo wenye afya kila moja ilikuwa ndogo, imetulia, na mikono mirefu yenye matawi. Profesa alimweleza kwamba zikiwa hai mikono ile haipumziki: inanyooka, inagusa seli ya karibu, inarudi, inanyookea upande mwingine, kama jirani mwema anayepita kubisha hodi ajue mmeamkaje. Basi hadubini ilipomchukua, sauti za korido zilikwenda mbali, chumba kikafifia, naye akajiona anatembea pole pole kati ya matawi ya rangi ya kahawia, asikokuwa na haraka wala umri. Wakati mwingine alirudi chai ikiwa imepoa na mguu umekufa ganzi.

Ubongo ukiugua, walinzi wale huvuta mikono yao, huvimba, hujazana mahali pamoja. Baadhi huanza kula hata miunganisho mizima ambayo seli za neva hushikana kwayo, na mtu hupotea kidogo kidogo akiwa bado ameketi sebuleni. "Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Hesabu aliwaambia vijana, akiwa hajui kwamba msemo huo ulikuwa njiani kuelekea kwake.

Mumewe, fundi cherehani, alianza kwa kusahau vipimo vya wateja. Kisha mkasi ukakutwa ndani ya friji, nao wakacheka wote wawili. Kisha likamtoka jina la mkewe, na hapo hakucheka mtu. Yote hayo mama aliyavumilia. Lakini asubuhi moja alipokuwa akimfunga vifungo vya shati, fundi alimtazama kwa macho maangavu, yale macho ya ujana wao, akasema, "Sikuwahi kukupenda. Hata siku moja." Halafu akaomba chai. Miezi minne baadaye akafariki.

Wifi yake, alipohadithiwa maneno yale, badala ya kupoza alitia chumvi kwenye kidonda. "Mgonjwa hana unafiki, wifi yangu. Lililo moyoni ndilo linalomtoka."

Mama Hesabu akabaki na swali moja, akilala nalo na kuamka nalo: aliyesema ni mumewe, au ni ugonjwa? Bahati ni kwamba fundi, akili zake zikiwa bado timamu, alikuwa ametia sahihi ubongo wake uende maabara. Siku moja ungepita mbele ya macho ya mkewe.

"Mama, mzee yumo kwenye vioo thelathini vya safari hii," Profesa alimwambia. "Nikupumzishe, ahesabu mwingine?"

"Namba yake unaijua?"

"Siijui. Daftari la namba amelifungia karani mpaka tumalize. Anayehesabu asijue anamhesabu nani, si ndiyo sheria yetu?"

"Sasa kama sijui, nipumzike nini?"

Profesa akakuna kichwa, akamwachia.

Alimkuta kwenye kioo namba kumi na tisa. Hakuna aliyemwambia, moyo wake ndio uliomwambia. Walinzi walikuwa wamevimba kila upande, hakuna mkono hata mmoja ulionyooka, na kati yao palikuwa peupe kama ua lililohamwa. Alitembea humo kwa muda mrefu. Hapa pangebaki wapi pa kuweka upendo, au hata jina? Machozi yakamtoka kwa furaha. Haikuwa sauti yake, ilikuwa ugonjwa mtupu. "Nimekusamehe, fundi," alinong'ona, na juma lile alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu mazishi.

Vioo vilipokwisha, karani alifungua daftari. Kumi na tisa alikuwa bibi mmoja wasiyemjua. Fundi alikuwa namba saba.

Saba? Hakuikumbuka kabisa. Alipekua karatasi zake, akakuta ameandika, kwa mwandiko wa mtu anayewaza chakula cha mchana: nusu kwa nusu.

Alikirudisha kioo kile chini ya hadubini. Mtu akishajua namba, hesabu yake haihesabiki tena, lakini yeye hakurudi kuhesabu, wala hakushika kibonyezo. Aliingia tu. Upande mmoja walinzi walikuwa wamejikunja na kuvimba. Upande wa pili, wengi walikuwa bado na mikono yao mirefu, imenyooka kuelekea majirani, vile vile walivyokuwa siku alipokata roho. Alizunguka sehemu zote mbili kwa utulivu, akipita palipoharibika na palipo pazima, akitafuta sentensi ile ilitokea upande upi. Sentensi haionekani kwa hadubini. Hilo angeweza kuambiwa na mtoto wa shule, na lilimuuma kweli kweli.

Msamaha wake wa kwanza alikuwa amempa mtu mwingine, tena kwa ushahidi. Huu wa sasa haukuwa na ushahidi wowote. Alikaa nao kifuani mpaka jua la dirishani likahama mezani.

"Hata kama ulisema kweli," alisema hatimaye, jicho likiwa bado kwenye lenzi. "Hata kama ulikuwa mzima asubuhi ile. Nimekusamehe."

Dada wa kupaka rangi vipande aligeuka kutoka kwenye sinki. "Mama, unaongea na nani?"

"Na mume wangu," alijibu Mama Hesabu. "Usinisemeshe, nitaanza upya."